Nyayo Zangu Juu ya Mabega ya Mailesi

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma kwenye sherehe ya kumuaga binti wa Mailesi anayeolewa. Mshereheshaji alipomwomba mama mwenye shughuli awatambulishe rafiki zake wa zamani, Mailesi hakunishika mkono kama walivyoshikwa wenzangu, alininyooshea kidole. "Huyu anaitwa Lusia," alisema kwenye kipaza sauti. "Nilimbeba mabegani karibu mwaka mzima, na miguu yake ilinilowesha mpaka mama yangu akadhani natokwa jasho la malaria." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakwe watarajiwa wakiwemo. Nilikuwa nimevaa viatu vya wazi vya ngozi na ndani yake nyayo zilikuwa zimelowa kama kawaida yake, lakini nilisimama, nikapunga mkono kama mheshimiwa, nikageuka taratibu ili hata wa meza za nyuma wanione vizuri. Nina miaka hamsini kasoro michache, nina duka la vitambaa Vwawa, nina wajukuu wawili, na bado jambo ninalojivunia kuliko yote nililifanya nikiwa darasa la sita, peku, mbele ya watu ambao hawakuja kunitazama mimi.

Namna nilivyofika kwa shangazi yangu Tunduma ni habari ndefu, na ninaiacha. Itoshe kusema kwamba mwaka ule niliishi kwake, wakati bado tukiwa chini ya Mkoa wa Mbeya, katika nyumba ya vyumba viwili isiyo mbali na mpaka. Chumba cha mbele kilikuwa stoo na sebule kwa pamoja: mablanketi yamepangwa hadi karibu na dari, katoni za sabuni na mafuta ya kupikia kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na katikati yake kiti kimoja cha mgeni. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, na kila Jumamosi niliisugua kwa nta mpaka ikang'aa. Sakafu hiyo ndiyo iliyonitoa siri. Nikipita peku, nyuma yangu zilibaki nyayo za maji, kisigino, vidole vyote vitano, mfululizo kutoka mlangoni hadi jikoni. Mteja wa Kizambia alikuwa akiingia na kumsalimia kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo?" na shangazi akajibu, "Bwino, karibu," huku macho yake yakizifuata zile nyayo. Mteja akishaondoka, shangazi aliniita. "Lusia, umeoga saa hizi?" Hapana, shangazi. "Umemwaga maji?" Hapana. "Basi chukua dekio, mama, mto wako umefika sebuleni."

Hakuwa mkali, alipenda utani tu. Jioni alikaa jikoni na jirani zake, wakichambua kapenta, wale dagaa wa Zambia, nami nikiwa nyuma ya pazia na daftari la hesabu nilisikia miguu yangu ikijadiliwa kama mgonjwa aliyelazwa. Mmoja alisema ni ini. Mwingine alisema mtoto ana damu nyingi. Mama mmoja wa kwaya alisema ni hofu, mtoto ana jambo linalomtisha, aombewe. Shangazi alisema, "Hofu gani? Juzi kapanda juu ya paa kurekebisha bati na upepo wote ule. Huyu haogopi kitu, miguu ndiyo inamlilia." Kisha wakacheka, wakapika ugali, tukala kapenta wa kukaanga na nyanya nyingi, na hakuna aliyekumbuka tena. Mimi nilikumbuka. Viatu vya shule nilivijaza karatasi za gazeti kila jioni na asubuhi karatasi zilikuwa bado mbichi. Kandambili zilinichomoka nikikimbia. Darasani sikuvua viatu hata wenzangu wote walipovua, kwa sababu nilijua harufu itakayotoka na nilijua nani atakuwa wa kwanza kuziba pua. Tunduma ile ya mwezi wa sita, baridi na upepo wa vumbi unaokausha midomo mpaka inapasuka, mwili wangu wote ulikuwa mkavu isipokuwa sehemu mbili za chini.

Mwalimu Nzunda alikuja shuleni kwetu mwaka huohuo akitokea milimani Mbozi, kijana mrefu anayetamka Kiswahili taratibu kwa lafudhi ya Kinyiha. Alipewa kazi ya kuandaa halaiki ya kupokea Mwenge wa Uhuru, maana mwaka ule ungesimama kwenye uwanja wetu. Walimu waliomtangulia walikuwa wakifundisha watoto kunyoosha mikono na kupeperusha vitambaa. Yeye alitaka sarakasi. Chuoni alikuwa amejifunza minara ya watu, na alituahidi mnara wa ghorofa tatu: wavulana wawili wakubwa chini, juu yao Mailesi amekanyaga bega moja la kila mmoja, na juu ya mabega ya Mailesi mtu mwepesi asiyeogopa, amenyoosha mikono na kushika kitambaa chenye rangi za bendera, kwa hesabu ya kumi. Alitupandisha mmoja mmoja juu ya meza, kisha juu ya ukuta wa choo, akitazama nyuso zetu. Wengi waling'ang'ania ukuta. Mimi niliuliza kama naweza kwenda juu zaidi. Akaandika jina langu.

Mailesi nilikuwa namfahamu kwa mbali tu, msichana wa mabega mapana ambaye mama yake alikuwa na banda la chakula karibu na maegesho ya malori. Mara ya kwanza niliposimama juu yake, mguu wa kulia ulishuka begani kama sabuni kwenye karai na tukaanguka wote wawili kwenye nyasi. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu Mailesi alijipangusa bega, akanusa mkono wake, akanitazama. "We Lusi, umetoka kuosha vyombo kwa miguu?" Kila mtu akacheka. Nilitaka ardhi inimeze, lakini nilitaka zaidi kurudi kule juu. Katika zile sekunde mbili kabla ya kuteleza nilikuwa nimeona paa la ofisi, na nyuma yake msururu wa malori uliokwenda mpaka macho yanapoishia, na nilijua kwamba pale ni pangu. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa mtoto wa kulala kwenye godoro lililobanwa kati ya katoni za sabuni, na kulikuwa na mahali pamoja duniani ambapo niliwazidi watu wote kimo.

Kwa hiyo tulihangaika. Mwalimu Nzunda alisema kwenye televisheni ya Zambia, iliyokuwa ikinaswa Tunduma kwa antena iliyofungwa kwenye mti mrefu, ameona wanasarakasi wakichovya mikono kwenye unga mweupe kabla ya kuruka. Unga gani hakujua. Nikaiba konzi ya unga wa sembe nyumbani, na ukageuka uji katikati ya vidole vyangu. Nikasaga chaki za darasani, zikafanya tope. Shangazi alipojua ninachotafuta aliniletea kopo la poda ya watoto kutoka Nakonde, na alilitoa kwenye kapu lake kwa fahari, maana kwake kila cheupe kilikuwa kimoja. Nikanukia vizuri kuliko siku zote na nikateleza vibaya kuliko siku zote.

Ikafika wiki ambayo shule nzima inapakwa chokaa. Mwenge ukija, kila jiwe la njiani hupakwa, kila shina la mti hupakwa hadi usawa wa kiuno, na mistari ya uwanja huchorwa upya. Mifuko ililetwa kutoka kwa wachoma chokaa, chokaa kali iliyotoka kwenye tanuru siku chache tu nyuma. Niliwekwa kwenye mawe ya chini ya dirisha la ofisi, na humo ndani walimu walikuwa wakinywa chai. "Mtoto ni mwepesi, na moyo anao," nilimsikia Mwalimu Nzunda. "Tatizo ile miguu." Mwalimu mkuu alijibu bila hata kushusha kikombe, nilijua kwa jinsi sauti ilivyozibwa. "Sitaki mtoto aanguke mbele ya wageni. Si yupo yule Tumaini? Miguu yake mikavu, mweke yeye." Mwalimu Nzunda akamsihi. "Nipe mpaka Ijumaa, mwalimu mkuu." "Ijumaa, basi." Nilibaki nimechuchumaa na brashi mkononi. Kisha nikaona viganja vyangu. Chokaa ilikuwa imekaukia juu yake, na ngozi ilikuwa imekakamaa kama karatasi, hakuna unyevu hata kidogo. Nikawaza, huu ndio ule unga mweupe. Mtoto wa mahali pengine asingewaza hivyo, lakini sisi tulikulia kwenye shule ambako uchafu, aibu na ubovu wowote mgeni anapokuja hufunikwa kwa chokaa.

Alhamisi asubuhi nilichota chokaa kavu kwenye mfuko, nikaisugua nyayoni, nikajaza na ndani ya soksi, nikavaa viatu. Hadi mapumziko nilihisi joto, nikaona ni dalili njema. Mchana kwenye mazoezi nilivua viatu, nikapanda, na sikuteleza. Nilisimama juu ya Mailesi mpaka hesabu ya kumi, mikono imenyooka, wavulana wa chini wakihesabu kwa kupiga kelele. Mwalimu Nzunda alirusha kofia yake hewani. "Leo umekula nini, Lusia?" Nilicheka. Njiani kurudi nyumbani ndipo moto ulipoanza sawasawa. Nilifika kwa shangazi nikitembea kwa visigino, nikaingiza miguu kwenye ndoo, na ngozi ya nyayo ikaanza kutoka vipandevipande. Shangazi alikuwa chumba cha mbele na mteja. Nilimwambia nimekanyaga miiba, nikapangusa sakafu, nikala ugali wangu nikiwa nimekaa na miguu chini ya stuli ili asiione.

Ijumaa kabla ya kengele Mailesi alinivuta nyuma ya jengo la darasa la kwanza, akashusha gauni lake la shule kidogo. Mabega yake yalikuwa mekundu, na bega la kushoto lilikuwa na malengelenge mawili. Tulikuwa tukifanya mazoezi kwa singlendi, ngozi kwa ngozi. "Ulinipaka nini?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilinitisha kuliko angepiga kelele. Nikamwambia. Alinisonya, akaniambia mimi ni mjinga wa kiwango cha mkoa, akaniambia nivue viatu. Alipoziona nyayo zangu alichuchumaa. "Lusi," alisema, "si ungesema tu?" Nililia pale, na si kwa maumivu. Nilikuwa nimemuunguza mtu aliyekubali nimkanyage.

Nilidhani hilo ndilo baya zaidi. Mchana tulipokusanyika uwanjani, watoto arobaini wa halaiki, Mwalimu Nzunda alikuja anatabasamu. "Lusia, njoo mbele. Ule unga mweupe niliouona miguuni mwako jana waonyeshe wenzako, leo kila anayepanda mnara ataupaka." Mailesi alinitazama. Wadogo wa darasa la tatu, ambao walikuwa na kijimnara chao cha mfano, walikuwa tayari wanavua viatu. Ningeweza kusema umekwisha. Ningeweza kusema ilikuwa poda. Tangu siku hiyo nimesema mambo mengi magumu katika maisha yangu, nimezungumza na mabenki na mabwana, lakini sidhani kama nimewahi kuhisi ulimi mzito kama ule. "Ni chokaa, mwalimu. Ile ya mawe. Imeniunguza, na imemuunguza Mailesi. Msipake." Nikanyanyua mguu aone. Mwalimu Nzunda aliinama, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, uso wake ukabadilika. Hakunichapa. Alisema tu, "Nenda kakae kivulini," na akamwita Tumaini.

Jioni hiyo, masomo yalipokwisha, Mailesi alinipeleka kwa mama yake. Banda lilikuwa la mabati meusi kwa moshi, lenye mabenchi mawili, sufuria kubwa ya maharage na birika lisilotoka jikoni. Makuli waliokuwa wakishusha mizigo kwenye malori walikaa pale wanakula, kila mmoja na gunia lake la katani limekunjwa begani. "Shikamoo, mama," nilisema, na Mama Mailesi akaitikia "Marahaba" kabla hajaona miguu yangu. Alipoiona aliacha mwiko. Alituosha wote wawili kwa maji mengi mno, akatupaka mafuta ya alizeti, huku akitutukana kwa upendo, kwa Kinamwanga na Kiswahili kwa zamu. Alitupa ugali na maharage, na makuli wakauliza habari, na Mailesi akawasimulia yote, hata mambo niliyotaka ayaruke. Kuli mmoja mzee mwenye shingo nene alikuwa akitusikiliza huku anamwaga maji ya kikombe juu ya gunia lake. "Kwa nini unalilowesha, baba?" nilimuuliza. "Gunia kavu mzigo unateleza, binti," alisema. "Likiwa bichi kidogo linashika. Mimi kila safari nalimwagia." Akalitupia begani, akaenda zake kazini. Mailesi aliacha kutafuna. Alinitazama nyayo, akatazama lile gunia likiondoka, akanitazama tena nyayo. "Wewe wala huhitaji kikombe," alisema.

Tulingoja siku nne ngozi yangu ishikane. Wakati huo Tumaini alisimama juu na miguu yake mikavu, na kila alipofika hesabu ya tatu aliomba kushushwa. Alikuwa msichana mkweli, namheshimu hadi leo. "Mwalimu, mimi huko juu tumbo linageuka," alisema mbele ya wote. Siku ya tano Mailesi alikuja na gunia alilolikata na kulishona kwa sindano ya magunia, likawa kama kola pana ya kufunika mabega yote mawili, na kwa ndani ameweka kipande cha kanga kisimchubue. Lilikuwa gunia la kahawa, bado lina maandishi ya wino mweusi. Alimwomba Mwalimu Nzunda anipe nafasi moja tu. Mwalimu alikunja mikono, kisha akaitikia kwa kichwa. Nilipanda. Nyayo zilikuwa zinauma na zilikuwa zimelowa kwa wasiwasi kuliko siku yoyote, na nyuzi za katani zikanywa lile jasho na kunishika vidole kimoja kimoja. Tulifika kumi. Mwalimu Nzunda akasema turudie. Tukafika kumi. Akasema turudie tena, na safari hiyo alituacha mpaka ishirini. "Tumaini," alisema, "asante, mama, umetusaidia." Tumaini alishangilia kuliko mimi.

Siku ya Mwenge uwanja ulijaa hadi watoto wakapanda juu ya ukuta. Wafanyabiashara walifunga maduka, na hata watu wa upande wa pili walivuka kuja kuona. Wasichana wote wa halaiki tulivaa blauzi za satini za njano na sketi za kijani, na Mailesi alikuwa amevaa kola yake ya gunia juu ya satini. Tulikuwa tumejipanga tayari kuingia, ndipo mwalimu mkuu alipopita akikagua, akasimama mbele yake. "Hili nini? Tuna wageni wa serikali hapa, wewe umevaa gunia kama unaomba? Vua." Mailesi alishika kola kwa mikono yote miwili. Nilihisi miguu yangu ikimwaga jasho kwenye nyasi. Mwalimu Nzunda alisogea, akiwa mgeni kazini na hana hata mwaka mmoja shuleni pale, akasema taratibu kwa lafudhi yake ileile, "Samahani, mwalimu mkuu. Akivua, hakuna mnara. Ukitaka avue, basi mimi nitangaze kwamba hatuna." Bendi ilikuwa imeanza. Mwalimu mkuu alitutazama mmoja mmoja, akasonya. "Wakianguka ni juu yako," alisema. "Sawa," alijibu Mwalimu Nzunda.

Tuliingia. Wavulana walipiga magoti, Mailesi akapanda, wakasimama, nikapanda kwa goti la mmoja, kiuno cha Mailesi, kisha begani. Nikanyoosha magoti. Nikakunjua kitambaa. Kelele zilizotoka chini sijazisikia tena, isipokuwa labda siku niliyojifungua mtoto wangu wa kwanza. Niliona paa la ofisi, malori, kibao cha mpakani, upande wa pili kabisa, vichwa vya watu wote ambao waliwahi kuziba pua, na katikati ya umati shangazi yangu amepanda juu ya kreti la soda, anamvuta mkono mama mmoja wa Kizambia na kunionyesha kwa kidole, anapiga kelele, "Mwana wandi! Mtoto wangu yule!" Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi mno hata nikasahau kuhesabu. Na Mwalimu Nzunda naye alisahau. Filimbi ilikuwa mdomoni na haipulizi. Tulisimama mpaka Mailesi akasema kwa kukaza meno, "Mwalimu, puliza, nakufa," na ndipo tulipoteremka.

Baadaye mpiga picha alitupanga mbele ya ofisi pamoja na mwalimu mkuu, ambaye sasa alikuwa akitabasamu na kutupigapiga vichwani. "Gunia livuliwe kwa ajili ya picha," alisema, "na wewe, vaa viatu." Mailesi alisema, "Hapana, mwalimu." Nilikuwa sijawahi kumsikia mtoto akimjibu hivyo mwalimu mkuu, nikasema nami, "Hapana, mwalimu." Mpiga picha alikuwa na haraka, akabonyeza. Picha hiyo iko dukani kwangu Vwawa, juu ya mashine ya kushonea. Mwalimu mkuu amefungua mdomo kuamrisha, Mwalimu Nzunda anacheka, Mailesi amesimama wima na gunia lake la kahawa juu ya satini ya njano, na mimi niko pembeni yake, peku, nyayo zimechubuka, zinang'aa kwa jasho. Wateja huniuliza gunia lile ni la nini. Huwa naacha mkasi, nawaambia.